Nilimfichia binti yangu chupa ya mvinyo wa Kihispania miaka sita hapa Doha

Wakuu, salamu kutoka West Bay, jua linatuunguza ila tupo. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na sina haja ya kuongeza chumvi maana hivi hivi yalivyo yananitosha kwa aibu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Taveta, shule niliishia darasa la sita. Nilikuja hapa nikiwa mwosha sufuria. Leo funguo za stoo ya mvinyo ya hoteli nzima nashika mimi, na wenye digrii wananiita Chief.

Hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kunusa glasi za wageni zikiletwa kwenye sinki. Nikisema mvinyo huu umeharibika, umeharibika. Hakuna wa kunibishia. (Hilo ndilo lililoniponza, mtaona.)

Sasa, kuna mvinyo mmoja mwekundu kutoka Hispania. Ni wa shamba la familia, kutoka babu hadi wajukuu, na watu hao hawana haraka kabisa. Wanaulaza kwenye mapipa ya mbao yaliyozeeka, miaka inakwenda, halafu wanaulaza tena kwenye chupa. Wenzao wanauza wa juzi, wao wanakuambia subiri.

Ukiumimina hauna ile rangi nzito, umepauka kama tofali. Unanuka ngozi, tumbaku na matunda makavu.

Stoo ilibaki chupa moja yenye mwaka aliozaliwa binti yangu, Neema.

Neema nilimwacha na miaka mitatu. Tangu hapo nimeenda likizo mara tano tu. Ile ya kwanza aliponiona alikimbia, akajificha nyuma ya mama yake.

Basi kila nikipanga mzigo nasimama mbele ya hiyo chupa. Nikaamua: siku Neema akija Doha tutainywa pamoja, tumekaa mezani kama wageni.

Nikamwomba mudir, yaani meneja wetu, aniuzie mapema. Akakataa. "Chupa ya kwenye orodha ni ya mgeni. Siku ukija kama mgeni, agiza."

Nikaanza ujanja. Mgeni akiigusa kwenye wine list, namwelekeza nyingine. Miaka sita wakuu! Mara visa imegoma, mara Neema ana mtihani chuoni, mara kazini wamemnyima ruhusa. Mimi nalinda tu.

Mwaka huu akaja mzee mmoja wa Kihispania, akaing'ang'ania. Namvuta huku, anarudi kule kule. Nikakosa pa kushika nikasema, "Samahani bwana, hiyo imeharibika."

Mzee alisikitika kama kafiwa. Na mudir alikuwa meza ya pili, kasikia yote.

Asubuhi akaniita.

"Umesema imeharibika?"

"Ndiyo, mudir."

"Wewe ndiye mtaalamu. Nenda kaimwage. Saa sita nataka chupa tupu hapa mezani."

Nikashuka. Nikasimama kwenye sinki, chupa mkono huu, kifungulio mkono huu. Mkono ukakataa.

Nikapanda juu na chupa nzima, nikamwambia ukweli wote, mpaka ile siku Neema alivyonikimbia. Mtu mzima, machozi haya hapa.

Mudir akavuta karatasi. Akaniandikia barua ya onyo, ya kwanza tangu nianze kazi. Kisha akasema, "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo anayeagiza anapewa. Khalas, imeisha."

Siku hiyo hiyo nikampigia Neema. Habari ya chupa sikumwambia, nilitaka iwe surprise. Nilisema tu, "Mama, njoo." Sijui alisikia nini kwenye sauti yangu. Aliomba ruhusa kazini, visa ikatoka, wiki ya tatu akatua.

Ijumaa, ndiyo siku yetu ya ibada huku, nikampeleka kanisani Mesaimeer. Jamani, binti anaimba! Kila wimbo anaujua, macho kafumba. Mimi kazi yangu kugeukia watu, mnamwona huyo? Wangu.

Jumamosi mchana tukaenda hotelini. Nimepiga suti. Aliyetuhudumia ni Kato, Mganda tuliyeosha naye sufuria enzi hizo.

"Karibu sana, mheshimiwa," anasema huku kauma mdomo asicheke. "Leo mzee umepata wa kukuinamia."

"Fungua polepole wewe, kizibo hicho kikongwe kama wewe."

Kikakatika, lakini akakitoa chote. Nikaonja. Nzima kabisa! Nikamweleza Neema kila kitu, ile familia, mapipa, mwaka wake pale kwenye karatasi ya chupa, miaka yangu sita. Nikainua glasi.

Yeye hakuinua yake.

"Baba," akasema taratibu, "mimi niliokoka nikiwa form two. Sinywi pombe. Hata ulipokuja likizo ya mwisho nilikuwa nakunywa soda. Hukuona?"

Sikuona.

Miaka yote napiga simu: umekula? Karo imefika? Mama hajambo? Mvinyo wa watu wa Hispania naujua mpaka mbao za mapipa yake. Mtoto wangu sijui anakunywa nini.

Kato akawa anafuta meza ambayo ni safi. "Nimletee juisi gani?" akaniuliza.

Nikamgeukia Neema.

"Ukwaju, kama upo," akasema. "Sukari kidogo."

Halafu akaivuta ile glasi yangu, akainusa. Akakaa nayo puani muda.

"Inanuka lile sanduku mama alilowekea koti lako la ngozi," akasema. "Nilikuwa nalifungua nikinusa. Mama akanifinya siku moja, eti namalizia harufu."

Tulikaa pale mpaka wanatandika meza za jioni. Nikajua hapendi maini, anaogopa lifti, na kuna kijana Voi anayemsumbua kwa meseji. Chupa iliondolewa na zaidi ya nusu ndani, wala sikuona ilivyoondoka.

Ameshapanda ndege kurudi.

Nilichojifunza ni hiki: mvinyo ukiulaza peke yake unakua vizuri. Na mtoto wangu alikua vizuri, tena sana. Ila hakuwa amelala akinisubiri.

Sasa kila siku napiga na swali moja ambalo sijawahi kuuliza. Leo nimeuliza nani alimfundisha kuendesha baiskeli. Ametuma meseji ndefu, nimeisoma mara nne.

Nyie mlio mbali na watoto, mnajua wanakunywa nini? Semeni hapa chini bila kudanganya, na mkinicheka mnicheke kidogo.