Siku Waliyokuja Kumwombea Mume Wangu

Hii stori huwa sipendi kuisimulia mzee akiwa karibu, mpaka leo hajanisamehe vizuri, lakini kwa vile ameenda Olenguruone kununua viazi na nyinyi mmenikalisha hapa na chai, wacha niseme tu: kuna siku nilimwaibisha bwanangu mbele ya mtaa wetu wote wa Rhonda, na yeye maskini hakuwa amekosa kitu.

Mnajua sisi Wakikuyu kijana wa kwanza anapewa jina la baba ya babake. Kwa hivyo Wambui, mke wa kijana wangu, alipojifungua, mtoto akaitwa Karanja kama mzee wangu, na mimi kama shosho, yaani bibi, yeyote wa kwetu nikaanza kumwita mume wangu (si ujinga, ndiyo desturi, ukimwosha unamwambia mume wangu geuka, mume wangu wacha kunikojolea).

Sasa likizo ya Wambui ikaisha, nikamwomba aniachie mtoto mchana akienda kazini. Hakukubali haraka. Mtoto alikuwa ametoka kuugua kifua, na nyumba yangu anaijua, watu wanaingia na kutoka kama ni soko. Akaniambia kwa heshima, lakini akaniambia: "Shosho, tujaribu wiki moja. Nikipata wageni wamejaa hapa wanampitisha mkono kwa mkono, nampeleka kwa yule mama wa mtaani kwetu analea watoto." Nikaapa. Jameni, mimi wangu wanne niliwalea nikiuza nguo sokoni, mmoja mgongoni, mwingine kwa jirani, na sikumbuki hata mmoja alivyocheka mara ya kwanza. Huyu alichekea mikononi mwangu, Jumanne, nikalia kama mjinga. Ningemwachiliaje aende?

Alhamisi ikafika, na hiyo ndiyo siku ya mkutano wa akina mama wa kanisa, na mimi ndiye huleta mandazi. Nitasema siji kwa nini? Nikisema nina mtoto, saa hiyo hiyo wote wako kwangu. Nikajiona mjanja, nikashika simu, nikarekodi sauti, nikatuma kwa grupu: "Wamama, leo sitaweza. Mume wangu amejichafua mpaka mgongoni, kukaa hawezi, ukimweka anaanguka, anataka tu kushikwa. Niombeeni." Niambieni uongo uko wapi hapo. Shida ni moja tu, hakuna aliyejua Karanja mdogo yuko kwangu, kwa hivyo mume waliyemsikia ni yule mkubwa wa kuvaa gamubuti, ambaye asubuhi alikuwa ameenda kununua viazi.

Nikamlaza mtoto chumbani, simu ikawa inalia huko mezani na mimi siijali, kumbe ni pole zinaingia. Kidogo nasikia wimbo kwa geti. Mama Ciru, mwenyekiti wetu, ako mbele, wengine nyuma na chupa za uji, na mmoja amebeba pakiti ya daipa, zile nepi za watu wazima. Mama Ciru akanikumbatia akasema ugonjwa hauna adabu, tuonyeshe mzee.

Hapo ningekiri. Lakini nilijua nikitaja mtoto watamvamia wote, basi nikakimbilia mlango wa chumba nikatanua mikono, nikasema amelala, hataki kuonekana akiwa vile. Wakaelewa, wakaanza kuomba palepale sebuleni, na mnajua sisi hatuombi polepole. Mtoto akaamka. Akapiga ukelele ule wa kwake. Mmoja akapangusa machozi akanong'ona, "Maskini, analia kama mtoto."

Na hapo ndipo mlango wa nje ukafunguliwa, akaingia Karanja mkubwa na gunia la viazi begani, amekasirika, kwa sababu tangu stejini watu wa boda walikuwa wanampa pole na mmoja alimuuliza siku hizi nani anamwosha. Akasimama akatuangalia. "Nani amekufa?" Kule nyuma yangu kilio kinaendelea. Mama Ciru akamwangalia mzee, akaangalia ile pakiti ya daipa, akaniangalia mimi.

Kabla nifungue mdomo, Wambui huyo mlangoni. Alikuwa amekuja saa ya lunch kunyonyesha, na nyumba imejaa mpaka kwa jikoni. Nikajua mtoto ameenda kwa yule mama wa mtaani kwao.

Mama Ciru akamgeukia na hasira zake zote. "Huyu mama mkwe wako ni mtu wa aina gani? Tumesimama hapa na uji unapoa, hata huo mlango hajatuacha tuuguse."

Wambui akaniangalia, bado nimetanua mikono kama golikipa. "Hakuna mtu ameingia?"

"Hakuna," nikamjibu.

Akapita chini ya mkono wangu, akamchukua mtoto, akajifungia huko, na baadaye kidogo tukamsikia anacheka peke yake. Akitoka kurudi kazini akaniambia, "Shosho, hiyo wiki ya kujaribu tuiache." Akachukua mkoba wake. "Utakuwa naye mpaka aanze shule."

Mzee hakuniongelesha mpaka Jumapili, na huko kanisani akatembea mpaka mbele mara mbili bila sababu, kifua nje, watu waone. Na mimi nimeapa, kwa simu mtoto ni Karanja mdogo, yule hana meno (mzee naye amebakisha machache, kwa hivyo naongeza: wa Wambui). Lakini asubuhi nikikabidhiwa, na yeye akinitambua aanze kurusha miguu, namshukuru Mungu na ile aibu yote ndani. Ningeaibika tena kesho, bora nibaki naye.