Mkoba wa Mtaalamu

Kila asubuhi mtaalamu wetu wa mitambo huingia kiwandani akinukia manukato, miwani kaipandisha utosini, wala hamsalimii mtu mpaka asalimiwe. Hufungua kabati lenye kompyuta inayoongoza mashine za kufunga maziwa, hutundika mkoba wake humo ndani, kisha huanza kukagua kwa ncha ya kidole kimoja, kama anayeogopa kuchafuka. Hazipiti dakika tano, mashine zinasimama. "Mawasiliano yamekatika," hututangazia, utadhani sisi ni vipofu. Hapo ndipo hujitia ujuzi: mara abonyezebonyeze, mara agune, mara amlaumu mama wa usafi na maji ya dekio lake. Saa nzima ikishapita huchoka, huchukua mkoba aondoke, na mashine zinanguruma. "Mnaona?" husema. "Bila mimi mngekuwa wapi?"

Juzi alikuja na barua ya kutaka mama wa usafi afukuzwe. Mama akaweka dekio chini, akaingiza mkono kabatini, akautoa mkoba kwenye waya wa mawasiliano uliokuwa umelemewa. Mashine zikanguruma. Akautundika tena, zikasimama. "Mwanangu," akamwuliza taratibu, "hapo maji yangu yako wapi?" Mtaalamu akakohoa, akashusha miwani, akaipandisha. Barua aliikunja akaitia mfukoni, hakuichana. Kwenye daftari la hitilafu akaandika: chanzo hakijajulikana. Leo kaja na mkoba mpya, mkubwa zaidi, na kautundika palepale.