Fotei Nje, Matawi Njiani

Mnicheke sasa hivi mwanzoni, ndugu zangu, mnicheke mpaka mshibe, kwa sababu nikifika mwisho sijui kama mtakuwa bado na hamu. Hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, kuna watu wanaonijua kama Mama Furaha fundi cherehani, na kuna wanaonijua kama yule mama wa rangi, na hao wa pili ndio wengi, nikipita sokoni wananitazama mikono kabla ya kunisalimia. Aibu yangu hata sijaweza kuificha. Iko ukutani kwangu mpaka leo, nusu bluu, nusu udongo.

Mambo yalianzia Lilongwe, kule Area 49, kwa mama mmoja wa Kimalawi niliyempelekea magauni ya harusi ya mdogo wake. Aliniambia niketi salon, yaani sebuleni, nimsubiri aende kujaribu lake, nikaketi, na macho yangu yakakosa adabu kabisa. Sisi watu wa Bukavu mnatujua, tukipata salon tunaijaza fotei, yaani makochi, mpaka mgeni anapita kwa ubavu, kila fotei na kitambaa chake cha kufuma, televisheni na kitambaa, redio na kitambaa, juu ya kitambaa ua la plastiki (na kwangu redio yenyewe ilishakufa zamani, kitambaa ndicho kilichobaki kazini). Huyu mama hakuwa na hayo. Alikuwa na viti vichache, rido, yaani mapazia, ndefu zinazogusa chini, kuta nyeupe, na ukuta mmoja, mmoja tu, wa bluu. Nikamwuliza ni fundi gani aliyemfanyia. Akacheka, akasema hakuna fundi, ni rangi tu, alipaka mwenyewe.

Ni rangi tu! Nilirudi Dzaleka na hayo maneno yananiwasha kama upupu. Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu kupokea akina mama wa kanisa kwa maombi, na mwezi uliopita tulipokuwa kwa mwenzetu mmoja walisifu rido zake mpaka wakasahau kufunga maombi vizuri, na mimi nilisifu pia, kwa mdomo. Basi nikasema moyoni, safari hii watanitambua.

Pesa sikuwa nayo, ila akili nilikuwa nayo, au nilidhani ninayo. Mume wangu alikuwa anafanya vibarua kwenye nyumba inayojengwa Kauma, kule Lilongwe, na analala hukohuko, nikamwomba aniokotee mabaki ya rangi, akanitumia makopo mawili yaliyokwisha nusu, moja bluu moja bluu zaidi, nikayachanganya. Rido nikazishona kwa mashuka ya kaunjika, yaani mitumba, nikayaunga kwa ustadi hata ukiyatafuta maungio huyaoni. Kuta nyingine chokaa, niliyoikoroga na uji mwembamba ili ishike (kuku wa jirani waliupenda sana ukuta wangu, lakini hiyo ni kesi nyingine).

Huyo jirani mwenye kuku ndiye ninayetaka mumjue. Ni Mama Mutesi, Mnyarwanda aliyepitia Kongo kama wengi, tunakaa kiwanja kimoja, mlango wake na wangu inatazamana hatua chache tu, na uwanja wa katikati ni wetu wote. Mumewe, Baba Mutesi, mzee mpole aliyekuwa akitengeneza viatu, alikuwa amelazwa Lilongwe kwa wiki kadhaa, kifua. Shemeji yake ndiye aliyekuwa anamlinda hospitali, na Mama Mutesi alikuwa anaenda na kurudi, anapeleka chakula, anarudi na nguo za kufua. Kambi nzima ilijua ule ugonjwa. Kila mtu akikutana naye anauliza kwa sauti ya chini, na yeye anajibu vilevile kila siku: "Anapumua, Mungu iko."

Jumamosi asubuhi alitoka na beseni la nguo za mgonjwa kwenda kufua kwenye bomba. Hakupita kwangu, na mimi sikumwita nimweleze mipango yangu, maana nilitaka arudi akute salon mpya ashangae. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa nilikuja kukosea zaidi.

Nikawaita akina mama wawili wa kwaya wanisaidie. Tukatoa fotei zote nje, tukazipanga uwanjani, meza, kabati, mpaka picha za ukutani. Tukatandika mkeka ndani, wenzangu wakaketi chini kupindia rido, vitenge kiunoni, vitambaa kichwani. Nje nikawasha moto mkubwa na sufuria la maharage, maana mtu akikusaidia lazima ale. Na wale wa kwaya, mnawajua, hawawezi kushika sindano bila wimbo, wakaanza zile nyimbo za polepole, za kwenda mbinguni.

Sasa kiangazi kilikuwa kimekolea, na njia inayopita karibu na dirisha langu ni ya kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria. Kila kabaza ikipita, vumbi linaingia na kukaa juu ya bluu yangu mbichi. Nikakasirika. Nikatoka na panga, nikakata matawi mabichi ya mti ulio nyuma ya choo, nikayalaza njiani, huku na huku, ili baiskeli zipunguze mwendo.

Najua mnachotaka kusema. Nami nilikuwa najua. Nimekaa Malawi miaka ya kutosha kujua kwamba matawi mabichi njiani ni msiba, mwenye gari apunguze mwendo, mwenye kofia aivue. Na kwetu sisi, viti vikitolewa nje na wanawake wakikaa chini kwenye mkeka, nani anahitaji kuelezwa? Na kuna desturi nyingine, ambayo ndiyo iliyotumaliza: mtu akifia mbali, mkewe haambiwi njiani. Majirani wanatangulia kuandaa nyumba, wanatoa viti, wanawasha moto, halafu ndipo anapokelewa. Yote hayo nilikuwa nayajua kama jina langu, ila siku hiyo kichwani mlikuwa na bluu tu.

Wa kwanza kufika alikuwa mama wa Kimalawi wa ng'ambo ya njia, na kuni kichwani. Akaziweka karibu na moto, akanishika mkono: "Pepani, amayi." Pole, mama. Nikadhani ananipa pole ya kazi, nikasema zikomo, zikomo, asante, nikarudi ndani kwenye ukuta wangu nikiwasifu Wamalawi kwa roho nzuri. Baadaye mwingine akaleta unga. Nikachungulia dirishani nikaona wanaume wamekaa kwenye fotei zangu, kofia magotini, kimya. Nikakasirika kidogo, nikasema, tazama hawa, wameona viti nje wamepata pa kupumzikia! Nikaendelea kupaka.

Halafu nikasikia ukelele.

Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba habari ilifika bombani kabla ya mtu yeyote kuitamka. Wanawake walimnyang'anya Mama Mutesi beseni, mmoja akalibeba, wawili wakamshika mikono, wakatembea naye bila kusema neno. Aliuliza, "Munanipeleka wapi? Mbona hamusemi?" Hakuna aliyejibu, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Akaona matawi. Akaona viti, moto, wanaume. Akaanguka palepale uwanjani, analia kwa Kinyarwanda, anamwita mumewe kwa jina lake la ujana.

Mimi nikatoka mbio na burashi mkononi. Nikamwona chini. Na nikafanya nini? Nikaamini! Nikasema moyoni, amepata simu bombani, mzee amekwenda, nikajitupa chini kando yake nikapiga yowe kubwa kuliko lake, nikamkumbatia nikampaka bluu mgongo mzima. Watu waliponiona mimi jirani wa karibu nalia hivyo, hata wale waliokuwa na shaka wakalegea. Uwanja mzima ukalia. Yeye alilia kwa sababu ya viti vyangu, na mimi nililia kwa sababu yake.

Mzee wa kanisa ndiye aliyenyamazisha watu ili aombe, na kabla ya kuomba akauliza, kama inavyopaswa:

"Nani alipokea simu ya hospitali?"

Akawageukia wale wanaume.

"Shemeji yake alipigia nani?"

Mmoja wa wale wanaume akasema, "Siye tulikuta biti inje. Mama Furaha njo anajua, yeye njo alitoa biti."

Macho yote kwangu. Nilikuwa nimepiga magoti, burashi bado mkononi. Ningependa kuwaambia kwamba nilijibu vizuri. Nilisema, "Mi nilikuwa napaka rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya salon. Ya maombi ya kesho."

Hakuna aliyecheka, walikuja kucheka baadaye, wiki nzima. Mzee akapiga simu hospitali, shemeji akapokea, akasema mgonjwa yuko macho, amekunywa uji, anataka kusalimia. Wakampa Mama Mutesi simu. Tukasikia sauti ndogo ya yule mzee ikiuliza mbona anapumua kama mtu anayelia. Akamjibu, "Ni moshi. Batu banapika hapa." Akajifuta macho kwa kiganja.

Watu wakaondoka mmojammoja, mwenye unga wake akauacha kwa aibu ya kuuchukua. Mama Mutesi akainuka, akaingia kwangu bila kukaribishwa, akasimama mbele ya ule ukuta akautazama. Akasema, "Iko muzuri, Mama Furaha. Rangi iko muzuri sana." Hakusema kwa kejeli. Afadhali angenitukana. Akaokota beseni lake akarudi bombani kufua upya, maana nguo zilianguka mavumbini.

Ningetaka kisa kiishie hapo tucheke wote. Hakikuishia hapo. Kabla mvua hazijaanza, simu ya kweli ilikuja, na safari hii ilikuja kwa mzee wa kanisa, na yeye akatutuma akina mama kama desturi ilivyo. Tulikwenda kutoa viti vya Mama Mutesi, vile viti vyake vichache. Alitokea mlangoni akatukuta tumevishika. Hakulia. Aliwapita wengine wote akaja kwangu, akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akaitazama, akaigeuza tena.

"Mama Furaha," akasema, "sema njo rangi tu. Waambie njo rangi tena."

Mikono yangu ilikuwa safi.

Ule ukuta sijaumaliza. Kopo liliganda na burashi ndani yake, na rido nzuri zile nilimpa yeye azitumie kufunikia magodoro ya waliokuja msibani. Mkitaka kupamba nyumba zenu, pambeni, uzuri si dhambi, na bei yake inaweza kuwa ndogo kama mtu ana mikono. Lakini kabla hujatoa hata stuli moja nje, vuka kiwanja umwambie jirani: ni rangi tu. Mimi siku ambayo maneno hayo yalikuwa ya kweli sikuyasema, na siku aliyoniomba niyaseme, sikuweza.