Breki Mpya za Mzee Kimeli

Khisa alikuwa na pua. Mafundi wengine wa Mai Mahiu walikuwa na mabango ya rangi na masanduku ya spana za kung'aa, lakini yeye alikuwa na pua, na kila dereva wa lori aliyeteremka mlima ule kutoka Limuru aliijua. Lori lingeingia likifuka moshi magurudumuni, naye Khisa angetoa kichwa chini ya gari jingine, anuse kidogo, kisha aseme, "Hiyo ni ya nyuma kushoto." Watu walimcheka, na bado walimletea magari.

Alizaliwa Bondeni, mjini Nakuru, mjukuu wa mtu aliyetoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli. Ufundi aliufunzwa kwa makofi, na fundi mmoja mlevi aliyekuwa na mikono mizuri na mdomo mbaya. Alipooa alihamia Mai Mahiu kwa sababu moja tu: pale mlima unapoishia ndipo na breki huishia, kwa hivyo mtu wa breki hawezi kulala njaa. Kazi kweli hakuikosa. Lakini mlima wenyewe hakuwahi kuuzoea. Kila asubuhi akifungua gereji aliutupia jicho, ukuta mrefu wa kijani wenye ukungu kichwani, kisha akaupa mgongo. Alikuwa ameona vitu vilivyoshuka kutoka kule bila kusimama. Siku ambazo aliitwa kusaidia kuwatoa watu kwenye mabati, alirudi nyumbani na chakula kikampita kando.

Ndiyo maana alimpenda Mzee Kimeli tangu siku ya kwanza. Huyu alikuja kutengeneza breki kabla hazijamharibia kitu, na watu wa aina hiyo ni wachache mno.

Kimeli alilima viazi Keringet. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, na gari lake halikufanana naye hata kidogo: Mustang nyekundu ya mwaka wa sitini na saba, aliyoinunua zamani kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Subukia. Usukani ulikuwa kushoto. Injini ilikuwa ya silinda nane, na sauti yake ilifika sokoni kabla gari lenyewe halijaonekana.

"Mama watoto amekataa," Kimeli alimwambia Khisa. "Chepkemoi anaolewa mwezi wa nane, na mimi nataka nimbebe na hii. Mama yake anasema msichana wake hawezi ingia gari inasimamishwa na maombi."

"Na mama anasema ukweli, mzee," Khisa akajibu. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya gurudumu.

Breki zilikuwa zile za kizamani, za dramu pande zote, na kulisimamisha gari kulihitaji mguu wa mtu aliyezoea jembe. Khisa alilishughulikia kwa wiki kadhaa, akiiba saa kati ya lori moja na jingine. Mbele aliweka diski alizozitoa kwenye pikapu iliyokufa, akabadilisha paipu zote, na nyuma ya pampu ya breki akafunga busta, lile duara jeusi la bati linalovuta nguvu kutoka kwa injini ili kumsaidia dereva kukanyaga. Hakuwa amefanya kazi safi namna ile maishani mwake. Alipomaliza aliosha mikono, akakaa kwenye benchi akiitazama, na alijivuna waziwazi, hata jirani wa kibanda cha chai akamuuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Kimeli alilijaribu kwenye barabara ya tambarare inayoelekea Narok. Aliporudi alikuwa akicheka, na Khisa hakuwa amewahi kuyaona meno yake.

"Sasa hii ni breki! Unagusa tu!"

"Gusa tu, mzee. Usikanyage kama zamani, utavunja mtu pua."

Hayo ndiyo aliyomwambia, na zaidi ya hayo hakumwambia neno. Madereva wa lori waliopita mikononi mwake aliwaonya wote wasizime injini mlimani ili kuokoa dizeli, na wengine aliwatukana kabisa. Lakini mtu mwenye Mustang? Khisa aliona gari la kifahari akaona tajiri, na tajiri hahangaiki na petroli ya kushuka mlima. Ile sweta iliyotoboka ilikuwa mbele ya macho yake wiki zote zile. Hakujiuliza hata mara moja mkulima wa viazi hulilisha nini gari la silinda nane.

Ijumaa Kimeli alipanda Limuru, ambako Chepkemoi alikuwa akifundisha. Mpango ulikuwa amchukue Jumamosi asubuhi akiwa ameshavaa shela, washuke, wakutane na jamaa Mai Mahiu, kisha msafara wote uelekee kanisani Nakuru. Mama wa bibi harusi, Jepleting, alifika mapema na gari la watu wa Keringet. Khisa akampangusia benchi ya gereji, akamwagizia chai.

Asubuhi hiyo ukungu ulikataa kupanda. Khisa alikuwa ameamka mapema kuliko kawaida. Kila lori lililopita alilinusa, na mara mbili aliacha kazi akaenda kusimama kando ya lami kutazama juu, ambako hakukuwa na cha kutazama ila weupe.

"Sasa watakuwa wameanza kuteremka," Jepleting alisema, akipuliza chai. "Hapo ndipo mimi hupenda hiyo gari. Kwingine kote inatupigia kelele, lakini hapo inanyamaza kabisa. Unasikia mpaka ndege."

Khisa aligeuka. "Inanyamaza aje, mama?"

"Si anazima? Kutoka juu mpaka huku chini. Miaka yote. Anasema petroli ya kushuka ni kuchoma viazi bure."

Busta, Khisa aliwaza. Kwa breki za zamani jambo hilo halikuwa na neno. Mguu wa Kimeli ulifanya kazi yote peke yake, injini iwake au ilale. Lakini busta bila injini hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara mbili, pengine tatu. Baada ya hapo pedeli hugoma, hukaa kama jiwe, kwa maana diski hutaka nguvu kuliko dramu, na mguu uliozoea kugusa tu haujui umepatwa na nini. Mzee angekuwa na kona mbili nzuri. Mlima ulikuwa na kona nyingi.

"Mpigie," alisema. "Mpigie sasa hivi."

"Huwa hashiki simu akiendesha." Jepleting alijaribu hata hivyo, ikalia mpaka ikakatika. Ya Chepkemoi ilikuwa imezimwa. "Khisa, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Nataka tu kuwapokea."

Alimrukia bodaboda wa kwanza aliyemwona, wakapanda mlima, wakalipita kanisa dogo lililojengwa na Waitaliano kando ya barabara, Khisa akimpiga yule kijana mgongoni aongeze mwendo. Palipokuwa na kipande kilichonyooka kidogo chini ya kona kubwa alimwambia asimame, azime pikipiki. Akasikiliza. Malori yaliguna kwa gia nzito huko ukunguni. Ile sauti ya silinda nane, ambayo angeitambua hata usingizini, haikuwepo.

Moyo ukamtulia. Bado wako mbali, alijiambia. Hata alicheka kidogo, akamwomba kijana maji ya kunywa.

Kisha akakumbuka kwamba gari analolingoja halina sauti.

Lilikuwa limeshatokea. Lilichomoka ukunguni nyuma ya lori, jekundu, lenye riboni nyeupe, likalipita lori hilo bila mngurumo wowote ila upepo na matairi. Khisa alikimbilia katikati ya barabara akipunga mikono yote miwili. "Washa! Mzee, washa gari!" Kimeli alikuwa karibu kusimama wima kwenye pedeli, mabega yamegusa paa, mdomo umefungwa. Hakutazama kando. Ni Chepkemoi, huko nyuma, aliyemtambua fundi, na kwa kuwa baba yake hakuwa amemwambia lolote, alimpungia mkono akitabasamu.

Khisa aliruka pembeni. Chini yake aliliona gari likihamia ukingoni, kwenye ukuta wa mawe unaozuia bonde. Kimeli aliliegemeza ukutani kwa ubavu wa kushoto, ubavu wake mwenyewe, ule wa usukani, akalishikilia hapo. Mlio wa bati likisagwa na mawe ulikuwa mrefu, mrefu kupita kiasi. Lilisimama kabla halijafika kwenye vibanda vya kando ya barabara vilivyojaa watu.

Kimeli hakufika hospitali. Chepkemoi alivunjika mkono.

Khisa alienda kumwona hospitalini Naivasha jioni ya siku ya pili. Njiani alikuwa ameyapanga maneno, lakini Chepkemoi, mama yake akiwa ameketi kando ya kitanda, ndiye aliyeanza.

"Fundi, Baba alikuwa anakusifu. Kona ya kwanza akagusa, akaniambia, sikia hiyo kazi. Ya pili akasema sasa hata Mama atapata usingizi."

Khisa aliketi sakafuni, palepale kando ya kitanda, akawaeleza yote: busta, injini, na lile swali ambalo hakumuuliza mzee. Alilia akieleza, na hakujificha. Jepleting alisikiliza mpaka mwisho bila kumtolea macho, mikono yake imelala juu ya shuka.

"Khisa," akasema. "Mimi ndio nilisema abadilishe. Angeshuka na zile za zamani, angefika?"

Chepkemoi aligeuza uso ukutani. Khisa alijua kabisa kwamba kuna jibu la uongo ambalo lingemwezesha mama huyu kulala.

"Angefika, mama," alisema.