Doti ya Bi Mgeni

Ukipigwa picha na Rufaida wa hapa kwetu Shauri Moyo, usitarajie uso wako ujae karatasi. Atakusimamisha mbali, mlangoni au katikati ya kamba za nguo, mpaka uwe umezungukwa na kitu pande zote nne. Mimi jirani yake nilimnunia nilipoiona yangu.

"Rufaida, si ungenivuta karibu? Hii yote ni ukuta."

"Hilo ni pindo, mama Makokha, kama la leso. Mji, ile sehemu ya katikati, ni wewe."

Alikulia chini ya meza ya kuuzia leso ya mamake, Bi Mgeni, na jicho lake halijatoka hapo. Picha huzitoa mbili mbili zikiwa zimeungana kwenye karatasi moja, kama doti, zile leso mbili, kabla haijakatwa. Unakata mwenyewe, moja yako, nyingine ya umpendaye.

Aliyekataa kupigwa miaka yote ni Bi Mgeni. Kwake, picha ni shughuli ya watu wasio na kazi. Sasa macho yake yalikuwa yanafifia, na Rufaida aliogopa kwamba siku atakayokubali mama, hataweza kuiona picha yenyewe.

Alasiri moja Bi Mgeni akatoa kiti mwenyewe, akakaa mlangoni apigwe picha. Leso zilikuwa zimeanikwa, upepo unaziinua na kuzishusha polepole, na mwanga uliopenya ukampaka rangi ya chungwa, kisha buluu, kisha chungwa tena. Kelele za soko la Gikomba zilisikika kwa mbali sana. Nilitamani tukae hivyo hivyo, mtu asituite.

Picha ilipokuja, Bi Mgeni aliisogeza karibu na pua, akafuata ukingo wake kwa kidole, pande zote nne.

"Pindo umelipatia," alisema. "Nipe mkasi."

Huyu ni mwanamke aliyekata doti maisha yake yote huku akipiga soga, bila kuangalia mkono. Safari hii mkasi ulienda upande, ukala pindo la picha moja na kipande cha bega lake. Alijua. Akampa Rufaida ile nzima.

"Naomba hiyo nyingine, mama."

"Hii imeharibika. Sijawahi kumpa mteja kitu kama hiki."

"Mimi si mteja."

Bi Mgeni aliichukua tena ile nzima. Kisha akampa iliyokatwa vibaya, na Rufaida akalia pale pale mlangoni, mbele yetu majirani sote.