Picha ya Watu Watatu

Mtaa mzima ulimwita Tabasamu, na si kwa sababu ya ucheshi. Alikuwa mpigapicha, na kwa miaka ishirini na miwili neno hilo alilisema mara nyingi kuliko salamu: tabasamu mama, tabasamu mzee, na wewe mtoto tabasamu basi tumalize. Yeye mwenyewe alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mkewe alikuwa fundi wa meno bandia kwenye kliniki iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na studio yake, na watani walisema nyumba ile imejipanga: mume anawaomba watu meno, mke anayatengeneza.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka tisa, waliyemuasili akiwa na miezi kumi. Wao wawili ni weusi ti. Yeye ni mweupe, nywele zake rangi ya majani makavu, pua imejaa vidoadoa, ndipo wakamwita Kidoti. Anayesema watu hawaangalii mambo hayo hajawahi kupanga foleni benki na mtoto wa namna hiyo mkononi. Tabasamu alishaulizwa kama yeye ni dereva wa wazazi wa mtoto. Mkewe alishaulizwa analipwaje kwa kumlea, akajibu, "Nalipwa mabusu, na yenyewe yanacheleweshwa." Mkewe akishajibu husahau. Tabasamu hujifanya hamnazo, kisha neno lile humkaa rohoni wiki nzima.

Jumatatu moja, wakiwa mezani jikoni, afisa wa ustawi wa jamii akapiga simu. Mke alikuwa na unga wa jasi, ule wa kufinyangia meno, vidoleni, akaiweka simu kwenye spika. Kuna mtoto mwingine, alisema afisa, wa kike, miaka miwili, hana mtu. Jina lenu bado liko kwenye orodha. Mkimtaka, leteni fomu yenye saini zenu wote wawili, na picha moja ya familia, kabla ya Ijumaa jioni. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, akaongeza, "Na huyu amefanana na nyinyi kabisa. Safari hii hamtasumbuliwa na maswali."

Kidoti alikuwa anakula. Alipoulizwa anaonaje, alisema, "Sawa," akaomba ruhusa ya kuondoka mezani. Tangu hapo akawa mtoto mwema kupita kiasi. Alitandika kitanda, akaosha vyombo bila kuitwa, akapanga hata viatu vya baba yake mlangoni. Mzazi yeyote anajua hiyo si dalili nzuri.

Mke alitia saini siku ileile. Tabasamu alisema kalamu haiandiki vizuri. Jumanne akasema miwani ameiacha studio. Jumatano mkewe akamkalia kooni.

"Baba Kidoti, kalamu imepona?"

"Mke wangu, hebu fikiria. Huyo mtoto akija amefanana na sisi, watu watasema sasa wamepata mtoto wao. Kidoti atakuwa mgeni ndani ya nyumba yake."

"Hao ni watu. Wewe utasema nini?"

"Mimi naogopa."

"Hata mimi naogopa. Ila mimi nimetia saini."

Alhamisi baada ya shule wakakutana studio, wote watatu, kwa ajili ya ile picha. Ni chumba kimoja chenye pazia la kijivu, taa mbili za mwavuli, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi ili wateja wasiende nacho. Ukuta wa upande wa mlango umejaa familia za watu: mabwana harusi, mapacha, bibi na wajukuu kumi na mmoja. Familia ya mwenye studio haimo.

Iliwahi kuwamo. Kidoti alipokuwa na miaka mitano Tabasamu aliitundika katikati kabisa. Mteja mmoja akaitazama, akacheka, akauliza kama yule mtoto walimwazima. Jioni hiyo picha ikaingia droo ya chini. Aliyeuliza kuhusu picha hiyo aliambiwa ni mwanga: ukimpa mtoto mwanga unaomfaa, wazazi wanakuwa vivuli, ukiwapa wazazi, mtoto anakuwa shuka iliyoanikwa juani. Na ni kweli picha ilikuwa mbovu. Tabasamu alishukuru kuwa na sababu ya haki ya kufichia ile nyingine.

Sasa akawapanga kama alivyofundishwa, watoto mbele ya taa, wazazi nyuma. Ndivyo alivyozipiga familia zote za ukuta ule. Akaitega kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akakimbilia nafasi yake. Mara ya kwanza Kidoti hakuwa na pua. Mara ya pili mama alikuwa meno tu. Mara ya tatu Tabasamu alianza kutokwa na jasho.

Kidoti akasogea, akatazama kioo cha kamera. "Ndiyo maana mnamleta huyo mwingine?"

"Maana ipi, mwanangu?"

"Ili picha ikae vizuri. Muweze kuitundika."

Tabasamu alikaa chini, kwenye kigoda cha wateja wafupi. Alitafuta habari za mwanga, na kwa mara ya kwanza akaona aibu kuzisema.

"Haikuwa mwanga," alisema. "Mtu mmoja aliropoka hapa ndani, nikaona haya, nikaiteremsha picha. Nilipaswa kumtoa yeye."

"Yule wa kuazima?"

"Ulisikia?"

"Nilikuwa chini ya meza, nachora."

"Mbona hukusema?"

"Uliitoa. Nikajua umekubaliana naye."

Miaka minne mtoto alikuwa akitembea na jambo hilo, anakwenda nalo shule, analala nalo, na baba mtu alikuwa anahangaika na maneno ya wapita njia. Tabasamu alilia mbele ya familia zote za watu. "Nisamehe," alisema. "Sikukubaliana naye hata kidogo. Nilikuwa mwoga tu."

Kidoti alimwacha alie kidogo, kisha akampangusa kwa mkono wa sweta yake ya shule. Akavuta kreti ya soda, akaisogeza nyuma kabisa karibu na pazia, mahali taa inapofifia, akapanda juu yake.

"Nyinyi ndio mnaihitaji taa," alisema. "Kaeni mbele."

Mama akamtazama mumewe. "Miaka ishirini na miwili, mtaalamu."

"Watoto huwa mbele," alisema Tabasamu, na akasikia mwenyewe jinsi lilivyo jambo dogo.

Wakakaa mbele, taa ikiwawakia usoni, na Kidoti nyuma yao, mkono mmoja juu ya kila bega. "Tabasamu, baba," alisema. Kamera ikalia. Wote watatu walikuwamo. Vidoadoa vya pua ungeweza kuvihesabu, na gauni la mama lilionekana mpaka vifungo. Aliyefumba macho alikuwa mpigapicha.

"Turudie?" aliuliza.

"Usithubutu," mkewe alisema.

Kidoti bado alikuwa juu ya kreti. "Na mdogo wangu atakaa wapi?"

Hakuna aliyekuwa amelitamka neno hilo wiki nzima. Tabasamu alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumatatu. "Wewe unaonaje?"

"Mbele, mapajani kwa mama. Mimi nitawashika wote kutoka hapa. Ila yule mama wa ustawi amekosea. Maswali yatakuja tu. Mdogo wangu ataulizwa mimi ni nani."

"Na atajibu nini?"

"Mwacheni aje kwanza," alisema Kidoti. "Nitamfundisha."

Tabasamu alichapa picha mbili. Moja aliitundika katikati ya ukuta, akamsogeza bibi na wajukuu wake pembeni. Nyingine akaibana kwenye fomu, akatoa kalamu mfukoni, ileile ya Jumatatu. Iliandika vizuri kabisa.