Bibi Alivyoonja Ulanzi wa Mgowe

Enzi zetu kule Kilolo hakuna mtoto aliyeulizwa kama amelala vizuri. Uliamshwa na baridi, ukanawa uso kwa maji yanayouma, ukabeba jembe lako na kuni za shule, ukatoka peku kwenye umande kuwahi mchakamchaka. Mfukoni ulikuwa na viazi vilivyochomwa kwenye majivu. Kazi ya kwanza ya viazi hivyo ilikuwa kupasha mikono joto, kushiba kulikuja baadaye. Wajukuu zangu wakisikia haya wananiuliza kwa huruma, "Babu, hita hazikuwepo?"

Jioni tulishuka mlima kwa vigari vya mbao, magurudumu ya mti, breki kisigino. Mimi na rafiki yangu Festo tuliishia mara nyingi ndani ya mashamba ya njegere ya watu, magoti yamechubuka, na kwa kuwa tumeshafika tulikula. Nyumbani mama hakuuliza. Alitukanda kwa maji ya chumvi akisema, "Magoti yanasema kweli kuliko mdomo wako."

Wanaonijua ukubwani wananijua kwa suti na tai. Nilitumikia balozi zetu nchi za mbali mpaka nikastaafu, na watu huniuliza diplomasia nilisomea wapi. Nawatajia vyuo, kwa adabu tu. Somo lenyewe nililipata shambani kwa mama, siku ya mgowe.

Kwa asiyejua, mgowe ni kuwaalika majirani waje kukulimia, nawe unawapikia na kuwanywesha. Hakuna mshahara. Kesho na wewe utaitwa kwao. Mwaka ule baba alikuwa Mufindi akifanya kazi kwenye mashamba ya chai, mvua zikashika mfululizo, na magugu yakayafunika mahindi. Mama alisimama ukingoni mwa shamba akasema, "Yasipopaliliwa sasa hivi, mwaka huu tutakula kwa macho." Akaita mgowe.

Mama alikuwa mzee wa kanisa, pombe haigusi. Lakini alijua kwamba mgowe bila ulanzi ni kikao tu. Ulanzi, yale maji ya mianzi, asubuhi ni mtamu hata mtoto anaweza kunywa, ila kufika mchana unakuwa umeshaanza maneno yake. Basi akaukusanya mtungi mzima, akanikabidhi kata ya kugawia, na kabla sijaishika vizuri akanionya: "Mwanangu atakayelamba huo ulanzi atanitambua."

Walikuja watu wengi, majembe yakaimba. Mchana wakakaa kivulini, na kila mtu alimsubiri Mzee Kihwele, babu yake Festo, atangulie kukaa. Nami nilikuwa mtoto wa adabu. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwamkia "kamwene" ya kikwetu, nikamnyooshea kata kwa mikono miwili.

Hakuipokea.

"Nani kaonja?" akauliza.

Desturi niliijua. Mgawaji, au mtu mwingine wa nyumba ya mwenye shamba, anaonja kwanza, mbele ya watu wote, ili mgeni aamini kwamba hajawekewa kitu. "Babu, mama kanikataza," nikasema.

"Basi na mimi nimekatazwa," akajibu, akainuka na kuchukua jembe lake.

Alipoinuka yeye, wa upande wake nao wakainuka. Nyuma yao lilibaki nusu ya shamba halijaguswa. Nikamtazama mama, amesimama na mwiko mkononi. Akiniruhusu, anavunja neno lake mbele ya washarika wenzake. Akikaa kimya, mahindi yanakwenda. Mama yangu, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akageukia chungu akakoroga mboga zilizokwisha kuiva, na kuliona hilo kuliniuma kuliko njaa iliyokuwa ikija.

Ndipo nikamkumbuka bibi, mama yake baba, aliyekuwa jikoni akipukuchua maharage. Bibi alibatizwa uzeeni, na alimwambia mchungaji mapema kabisa kwamba dhambi nyingine ataziacha, ulanzi hapana. Nikakimbia, nikamshika mkono, nikamleta. Akaketi karibu na Mzee Kihwele, akapokea kata, akanywa. Alikunywa taratibu, macho amefumba, mpaka chini. Watu wamesimama na majembe begani wanasubiri hukumu.

Bibi akafumbua macho, akaninyooshea kata. "Bado sijajua," akasema. "Ongeza."

Nikaongeza. Akainywa na ya pili, akatikisa kichwa. "Huku mwishoni kuna kitu sijakielewa."

Mzee Kihwele ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajikuta amekaa. "Mwachieni mtungi huyu mama," akasema, "sisi tutalima tukimsubiri aelewe." Shamba lilikwisha jua likingalipo, kwa nyimbo. Usiku mama aliniita jikoni. Alinipakulia firigisi ya kuku, ambayo nyumbani kwetu ilikuwa ya baba.

Nilikwenda na firigisi ile moyoni sekondari Mbeya, basi likipita Nyololo kwenye ukungu, nami nakula mahindi ya kuchemsha dirishani, nikaenda nayo mpaka Ulaya. Huko niliwahi kuona wajumbe wa pande mbili wamegoma mlangoni mwa ukumbi wa karamu. Anayetangulia kuingia ataonekana ameshindwa. Chakula kinapoa. Wakubwa wangu walipekua kanuni za itifaki. Mimi nikamtafuta mama mzazi wa mwenyeji wetu, bibi kizee wa watu, nikamwomba awashike mikono wakuu wa pande zote mbili aingie nao. Wakaingia kama wajukuu.

Sasa nimerudi Kilolo. Mama na bibi wamelala nyuma ya mianzi ile ile ya ulanzi. Msimu uliopita nikasema nami niite mgowe kwenye shamba la mama. Vijana wakaniunganisha kwenye kundi la simu. Mmoja akanishauri nipulize dawa ya magugu, mwingine akaniomba nitume ramani, na kwao ni ng'ambo ya kijito. Hata hivyo walikuja, na nisiwasingizie, walilima vizuri, kwa muziki wa spika. Sisi tuliimba wenyewe.

Mchana binti mmoja akaleta ulanzi kwenye dumu na vikombe vya plastiki, akimpa aliye karibu, mkubwa kwa mdogo. Festo, mwenzangu wa vigari, akakipokea chake, akakitazama, halafu akanitazama mimi.

"Nani kaonja?" akauliza.

"Kwani umeharibika?" binti akashangaa.

Mwenye shamba ni mimi. Daktari amenikataza, na mke wangu alikuwa kibarazani akinitolea macho. Nikageuka kwa mazoea kuelekea jikoni, na jikoni hapakuwa na mtu. Nikachukua kikombe cha Festo, nikanywa taratibu, macho nimefumba, mpaka chini. Nikamnyooshea binti kikombe.

"Bado sijajua," nikasema. "Ongeza."

Vijana wakatazamana. Festo alicheka mpaka akaegemea jembe asianguke, nami nikacheka machozi yakanitoka. Shamba lilikuwa limejaa watu, na tuliocheka tulikuwa wawili tu.